Urafiki wa Askari Wawili, na Upendo Usiotajwa



Mtu aliyekaa na askari amekwisha kusikia neno hili: «Rafiki yangu alikufa vitani.» Askari asema mara moja, kisha anyamaza. Nasi twaitika «Pole», na mazungumzo yamekwisha. Kumbe pengine katika neno hili moja, rafiki, imefichwa huzuni ambayo mwenyewe hana ruhusa ya kuitaja. Nitaeleza jambo hili kwa mfano wa Waingereza wawili wa vita vya 1914-1918, Siegfried Sassoon na Wilfred Owen. Wote wawili walikuwa maofisa na watunga mashairi. Waliacha barua na vitabu, basi kwao twaona mambo ambayo askari wengi walikwenda nayo kaburini.

1. Sheria ya nchi yao

Mwaka 1885 Uingereza iliweka sheria ya kumfunga mwanamume aliyetenda mambo ya mwili na mwanamume mwenziwe. Mwaka 1895 mwandishi Oscar Wilde alihukumiwa miaka miwili ya kazi ngumu. Sassoon alikuwa na miaka 8, Owen 2. Walikua katika woga huo.

Lakini jeshini ofisa aliagizwa kuwatunza askari wake kama mzazi: kuwakagua miguu isioze katika mahandaki, kusoma barua zao, kuwaandikia mama zao wakifa. Upendo uliagizwa na upendo ulikatazwa, vyote viwili katika handaki moja. Mpaka kati yao, kila mtu alijitafutia moyoni mwake.

2. Kifo cha David Thomas

Sassoon alimpenda ofisa kijana wa regimenti yake, David Thomas. Tarehe 18 Machi 1916 Thomas alipigwa risasi, akafa. Miezi michache mbele yake, Hamo, mdogo wake Sassoon, alikuwa amekufa katika vita vya Gallipoli. Huzuni juu ya ndugu, kila mtu aliielewa. Huzuni juu ya Thomas haikuwa na jina. Basi Sassoon alianza kutoka usiku kuwatafuta Wadachi ili awaue. Wenzake waliona ushujaa. Mwaka 1928 alimweka Thomas katika kitabu chake, lakini chini ya jina lingine.

3. Hospitali ya Craiglockhart

Mwaka 1917 Sassoon alitangaza kwamba wakubwa wanaendesha vita bure. Hawakumpeleka mbele ya hukumu; walisema ni mgonjwa, wakampeleka hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh. Huko alikuwako Owen, kijana wa miaka 24, aliyetikiswa na mizinga. Mbele ya vita Owen alikuwa msaidizi wa mchungaji wa Kianglikana katika kijiji cha Dunsden.

Mwezi wa Agosti Owen alibisha mlangoni kwa Sassoon, vitabu mkononi, aombe atie sahihi. Tangu siku ile Sassoon alimsomea mashairi na kuyasahihisha. Mwandiko wake waonekana mpaka leo juu ya karatasi za Owen. Mwezi wa Novemba Owen alimwandikia barua ya upendo mwingi, akamlinganisha na watu wakuu, na kati ya majina hayo aliweka hili: padri mwungamishi wake. Tulikumbuke neno hili.

Hakuna ushuhuda wa kwamba walipita urafiki. Sassoon alipenda wanaume, daftari zake zasema wazi. Juu ya Owen, wataalamu wengi wafikiri vile vile. Lakini ndugu yake Harold alifuta maneno mengine katika barua zake.

Owen alirudi vitani, akauawa tarehe 4 Novemba 1918 kwenye mfereji karibu na Ors, Ufaransa. Telegramu ilimfikia mama yake tarehe 11, siku ya kukoma vita. Sassoon alipata habari miezi kadhaa nyuma. Mwaka 1945, miaka 27 imepita, aliandika kwamba hajaweza bado kukipokea kifo hicho kwa moyo mtulivu.

Sassoon alioa mwaka 1933, akazaa mwana, na mwaka 1957 akaingia Eklezya Katolika. Sheria ile ilipunguzwa Uingereza mwezi wa Julai 1967. Yeye alikufa tarehe 1 Septemba mwaka ule ule. Jeshi la Uingereza liliondoa katazo mwaka 2000 tu.

4. Sisi tufanye nini?

Mafundisho juu ya usafi twayajua, sikuyarudia. Lakini hatujafika kwenye mafundisho ikiwa hatujasikia bado huzuni yenyewe. Mganga wa Craiglockhart, W.H.R. Rivers, alifundisha kwamba kumwamuru askari asahau ni kumzidishia ugonjwa, aliwaacha waseme.

Basi askari akikuambia, «Rafiki yangu alikufa», usimpe jina ambalo hakujipa, wala usimharakishe. Muulize: «Aliitwa nani? Alikuwa mtu wa namna gani?» Kisha nyamaza, hata ikiwa saa nzima. Owen alitafuta mwungamishi, akamwona katika ofisa mwenziwe. Askari wa kwetu asikose kumwona katika padri wake.