Elderberi kwa mafua: kabla ya kijiko, pima damu

Msimu wa kusi ukiingia, nyumba nyingi hapa Pwani hazikosi mtu mwenye mafua. Huyu anapiga chafya, yule anakohoa, na mtoto halali usiku kwa sababu ya pua kuziba. Dawa tulizozizoea ni za jikoni: tangawizi, ndimu, asali na mdalasini, na kujifukiza mvuke ukiwa umejifunika shuka. Siku hizi imeongezeka chupa ngeni yenye picha ya vitunda vyeusi na jina elderberi. Wengine huletewa na jamaa walioko Uingereza au Marekani, wengine huinunua katika maduka ya dawa mjini, na bei yake si ya mchezo.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alitumiwa chupa kama hiyo na bintiye aliye ng'ambo. Alipoanza kuumwa na kichwa na mwili kupata joto, aliamini ni mafua tu. Akawa anakunywa kijiko asubuhi na jioni. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Alipopelekwa kupimwa damu, ikaonekana ni malaria. Alipona, alhamdulillahi, lakini siku tatu zilipotea bure. Ndiyo maana nimeona tuizungumze dawa hii, faida yake na mipaka yake.

Elderberi ni tunda la mti mdogo unaomea Ulaya, na jina lake la kitaalamu ni Sambucus nigra. Maua yake ni meupe, na matunda yake hushikana vichala. Kila tunda ni dogo kama punje ya pilipili manga, na likiiva huwa na rangi ya zambarau iliyokoza. Watu wa Ulaya wamelitumia kwa mafua tangu zamani, kama sisi tunavyotumia tangawizi. Hulichemsha na sukari au asali mpaka maji yake yawe mazito kama shira, kisha hunywa kwa kijiko. Viwanda navyo hulitia katika vidonge na peremende.

Je, linasaidia? Watafiti wamelijaribu, na majibu yao hayalingani. Utafiti uliofanywa Norway na kuchapishwa mwaka 2004 ulihusu wagonjwa 60 wa homa ya mafua. Waliopewa elderberi, mililita 15 mara nne kwa siku kwa siku tano, walipata nafuu wastani wa siku nne mapema kuliko wale waliopewa maji yasiyo na dawa. Mwaka 2016 ukachapishwa utafiti wa wasafiri 312 wa ndege kutoka Australia. Elderberi haikuonyesha wazi kuwa inazuia mafua, ila waliougua waliumwa kwa siku chache zaidi. Kisha mwaka 2020 ukatoka utafiti wa Marekani uliohusu wagonjwa 87 wa homa ya mafua, na huo haukuona faida yoyote. Kwa hivyo la haki kusema ni kwamba huenda ikampunguzia mtu siku za kuugua, lakini hakuna wa kukuhakikishia.

Na kichwa je? Ukiwa na mafua, kichwa huuma kwa sababu mwili unapigana na virusi, pua na matundu ya karibu na macho yameziba, na pengine hujanywa maji ya kutosha. Elderberi si dawa ya kutuliza maumivu. Kichwa kikipoa baada ya kuinywa, huenda ni kwa kuwa ugonjwa wenyewe unapungua. Kinachotuliza maumivu na kushusha joto ni paracetamol. Mtu mzima humeza kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, na asizidishe vinane kwa saa 24. Soma pia pakiti za dawa za mafua, kwani nyingi tayari zina paracetamol ndani yake, na kipimo kikizidi huharibu ini.

Wako wanaofikiri kwamba kitu kikiwa cha mti hakina madhara. Elderberi mbichi, pamoja na majani na vijiti vyake, ina sumu inayoweza kutoa sianidi mwilini. Mwaka 1983 huko California, watu walikamua matunda mabichi pamoja na majani na matawi, wakanywa maji yake. Watu 11 waliugua kwa kutapika na kizunguzungu, na wanane kati yao walichukuliwa kwa helikopta kupelekwa hospitali. Kupika matunda huondoa hatari hiyo. Basi ukitumiwa matunda makavu, usiyaloweke na kunywa vivi hivi, yachemshe vyema.

Mwenye kisukari aangalie sukari iliyomo kwenye chupa. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe dawa yenye asali. Mama mjamzito, anayenyonyesha, au mtu anayetumia dawa za kupunguza kinga ya mwili aulize daktari kwanza.

Sasa turudi kwa yule mama jirani. Hapa kwetu, kichwa kuuma pamoja na joto la mwili kunaweza kuwa mafua, malaria au dengi, ile homa ya kidingapopo iliyowahi kuzuka Mombasa zaidi ya mara moja. Mafua mara nyingi huja na chafya, kamasi na koo kuwasha. Dengi huumiza nyuma ya macho na kwenye viungo. Malaria huleta baridi ya kutetemeka na jasho. Lakini dalili hizi huchanganyika, na hata daktari hategemei macho pekee. Kipimo cha malaria cha kudunga kidole hutoa jibu kwa dakika 20 hivi. Kabla hujajua kama ni dengi, usimeze aspirini, brufeni wala diklofenaki, kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu.

Usingoje hata kidogo ukiona shingo imekakamaa, mgonjwa anatapika kila anachokula, anahema kwa shida, anatokwa na damu kwenye fizi, amechanganyikiwa, au mtoto amekataa kunyonya au anapatwa na degedege. Huyo ni wa hospitali, usiku au mchana.

Ukiletewa chupa ya elderberi, pokea na umshukuru aliyekukumbuka. Ikiwa umeshapimwa na ni mafua tu, kunywa ukitaka, pamoja na maji mengi na mapumziko. Lakini mwili ukiwa moto, kijiko kingoje majibu ya damu.