Je, Wajua? Linux Inapogoma Kuwaka

Swali la kwanza la fundi mzoefu ni moja: imekwama wapi?

• Je, wajua kwamba kompyuta ya Linux kwa kawaida hupitia mikono minne kabla ya kukuomba nenosiri? Programu ya ubao mama huiamsha GRUB, yaani programu ya kuwashia; GRUB hupakia kerneli, kiini cha mfumo, nayo kerneli huanzisha systemd, inayowasha huduma nyingine. Ukiiona menyu ya GRUB, usikimbilie kununua diski mpya. Angalau hiyo uliyonayo inasomeka.

• Je, wajua kwamba kwenye kompyuta zinazotumia BIOS, programu ya zamani ya ubao mama, mwanzo wa safari yote hiyo umebanwa ndani ya baiti 512? Baiti 446 ni za programu ya kuwashia, 64 za orodha ya migawanyo ya diski, na 2 za mwisho ni alama: 55 na AA. Alama ikifutika, BIOS nyingi huipita diski kana kwamba haipo.

• Je, wajua kwamba LILO, iliyotamba kabla ya GRUB, ilijiandika jina herufi moja moja kadiri ilivyosonga mbele? Ikiishia "LI", fundi alijua kipande cha pili kimepakiwa lakini kimeshindwa kuanza kazi.

• Je, wajua kwamba ukikuta "grub rescue" kwenye skrini nyeusi, mara nyingi faili zako bado zipo? GRUB imepotelewa na folda yake, pengine kwa sababu mgawanyo wa diski ulifutwa au kubadilishwa ukubwa. Andika ls, itakuorodheshea migawanyo inayoiona.

• Je, wajua kwamba mwaka 2015 watafiti Hector Marco na Ismael Ripoll wa Valencia, Hispania, waliipita GRUB yenye nenosiri kwa kubonyeza kitufe cha kufutia mara 28? Kasoro hiyo ilikuwamo tangu toleo la 1.98 la mwaka 2009.

• Je, wajua kwamba ukibonyeza e kwenye menyu ya GRUB unaweza kujaribu bila woga? Mabadiliko hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu. Skrini ikibaki nyeusi, ongeza nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na neno linux, kisha bonyeza Ctrl+X.

• Je, wajua kwamba kwenye laptopu nyingi taa ya Caps Lock ikipepesa mfululizo, kerneli imezimia? Yakitokea haya baada ya sasisho, rudi kwenye menyu uchague kerneli ya zamani. Linux ya Fedora, kwa kawaida, hukuwekea kerneli tatu. Kisha kagua folda ya /boot: ikijaa, kerneli mpya huwekwa nusunusu.

• Je, wajua kwamba diski ya nje uliyoiandika kwenye fstab, orodha ya diski za kufunguliwa wakati wa kuwaka, kisha ukaisahau kwa rafiki, inaweza kuzuia kompyuta yako isiwake? systemd huisubiri sekunde 90, halafu hukutupa kwenye hali ya dharura. Neno nofail kwenye mstari wake humaliza ugomvi.

• Je, wajua kwamba nenosiri sahihi linaweza kukurudisha palepale pa kuombwa nenosiri? Huenda diski imejaa. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi, futa usivyovihitaji. Kwa kawaida mfumo wa faili wa ext4 humwekea msimamizi akiba ya asilimia 5 kwa ajili ya siku kama hiyo.

• Je, wajua kwamba Agosti 2024 sasisho la Windows lilizigomesha baadhi ya kompyuta zenye Windows na Linux pamoja? Lilipiga marufuku matoleo ya GRUB yenye kasoro ya usalama, na Secure Boot, kinga inayokagua programu za kuwashia, ikatii amri. Waliokwama iliwabidi waizime Secure Boot kwanza ndipo Linux iwake.

• Je, wajua kwamba ikishawaka unaweza kuiuliza kilichoisibu? Amri ya journalctl -b -1 husoma kumbukumbu za uwashaji uliotangulia, mradi kompyuta imewekwa kuzihifadhi kwenye diski. Hakikisha hilo leo, ingali nzima.