Njumu kwenye Shingo ya Gitaa

Mnunuzi akishika gitaa la umeme lililopambwa joka au mzabibu shingoni, macho yake hukimbilia mchoro. Fundi akipewa gitaa hilohilo huenda nalo dirishani, hulilaza mpaka mwanga upite kwa mshazari juu ya ubao wa vidole, kisha hutafuta mahali gamba la njumu, yaani pambo lililopachikwa ndani ya ubao, linapokutana na mti. Joka linaweza kuchorwa na yeyote mwenye kipaji cha kuchora, na siku hizi hukatwa na mashine inayoongozwa na kompyuta. Ule mpaka mwembamba kama unywele ndio unaoeleza jinsi gitaa lilivyotengenezwa, na mpiga gitaa yeyote anaweza kujifunza kuusoma.

Alama za shingoni zina kazi yake: humwonyesha mpigaji freti ya 3, ya 5, ya 7, ya 9 na ya 12. Kwa kazi hiyo, nukta zinatosha. Fender Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 ilikuwa na nukta nyeusi juu ya shingo ya mti wa mepo, basi. Mwaka huohuo Gibson walitoa Les Paul Custom, yenye ubao mweusi wa abunusi na vitalu vipana vya gamba la chaza, ili ionekane kama mtu aliyevaa suti ya usiku. Les Paul ya kawaida ilipambwa kwa alama za pembe nne zilizobanwa upande mmoja, za seluloidi yenye mng'ao wa kuigiza lulu. Miaka ya karibuni zaidi, PRS walijijengea jina kwa ndege wanaoruka kutoka freti hadi freti, na mwaka 1992 wakatoa gitaa la Dragon lililobeba joka la vipande 201. Ibanez nao wakamtengenezea mpiga gitaa Steve Vai gitaa la JEM, ambalo wengi hulitambua kwa mzabibu unaopanda shingo nzima.

Anza na malighafi. Gamba halisi ni sehemu ya ndani ya kombe la chaza, na rangi yake hubadilika unapolizungusha gitaa: waridi hugeuka kijani, kijani hugeuka fedha, na kila kipande hung'aa kwa namna yake. Plastiki ya kuigiza lulu ina mawimbi yanayofanana kipande kwa kipande, na ukiizungusha hubadilika kidogo tu. Sisemi plastiki ni aibu. Magitaa mengi yanayopendwa duniani yana plastiki shingoni, na imekatwa vizuri. Kinachoniudhi ni stika. Zipo karatasi nyembamba za plastiki zinazobandikwa juu ya ubao na kuuzwa kana kwamba ni njumu. Pitisha ukucha ukingoni mwa alama: stika hukwaruza, njumu iliyosawazishwa haisikiki kabisa.

Sasa tuje kwenye ukataji, ambako ndiko kwenye utajiri wote. Kwa kawaida kipande cha gamba huwa na unene wa milimita 1.3 hivi. Fundi wa mkono hukikata kwa msumeno mwembamba wa sonara, huku amefunika pua, maana vumbi la gamba ni baya kwa mapafu. Kisha hukilaza juu ya ubao, huchora mzunguko wake kwa ncha kali, na kuchimba shimo ndani ya mstari huo. Gamba likiingia kwa kusukumwa na kidole gumba, kazi ni nzuri. Likiingia kwa kulegea, nafasi inayobaki hujazwa epoksi iliyochanganywa na vumbi la mti uleule.

Mchanganyiko huo ndio siri ya mafundi, na hapo ndipo wanunuzi hudanganyika. Juu ya abunusi, epoksi yenye vumbi jeusi hupotea machoni kabisa. Nafasi ya nusu milimita inaweza kujificha miaka mingi. Kwenye rozwudi, ambayo ni ya kahawia na ina vinyweleo, hubaki doa jeusi kidogo. Kwenye mepo, mti mweupe, hakuna pa kujificha: kila kosa ni mstari mweusi kuzunguka alama. Kwa hiyo usihukumu kazi mbili kwa kipimo kimoja. Nukta safi juu ya mepo inaweza kuwa kazi ngumu kuliko ua zima juu ya abunusi. Nikiulizwa nichague kati ya nukta zilizokaa barabara na mzabibu unaoogelea kwenye gundi, nachukua nukta bila kufikiri mara mbili.

Angalia pembe. Kisu cha mashine huzunguka, kwa hiyo hakiwezi kuchimba kona kali. Huacha kona ya duara. Alama yenye ncha kali iliyotiwa ndani ya shimo la mashine huacha nafasi ndogo mahali ncha ilipoishia, na hiyo hujazwa. Fundi makini humalizia kona hizo kwa patasi. Ukiona ncha nne zote zimekaa bila kivuli cha gundi, ujue kuna mtu aliyeinama juu ya ubao ule baada ya mashine kuzimwa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalioni ni mpindo wa ubao. Ubao wa vidole si bapa. Umepinda kama sehemu ya duara, ilhali gamba ni bapa. Kwenye Gibson duara hilo lina nusu kipenyo cha inchi 12, na kwenye Fender za zamani ni inchi 7.25. Chukua kitalu chenye upana wa milimita 38. Kikisawazishwa kwa msasa kufuata mpindo wa Gibson, kingo zake hupungua karibu milimita 0.6 kuliko katikati. Kwa mpindo wa Fender ya zamani hupungua karibu milimita 1, na gamba la milimita 1.3 linabakiwa na utando tu ukingoni. Hapo rangi ya gundi ya chini huanza kupenya, na kingo za kitalu huonekana za kijivu. Dawa yake ni gamba nene zaidi, au kitalu kugawanywa vipande vinavyolazwa kwa pembe tofauti. Kingo za kijivu zinaonyesha kwamba mtu hakupiga hesabu kabla ya kukata.

Msasa huohuo unahusu pia uchezaji. Gamba ni gumu kuliko mti. Ukisugua kwa mkono mtupu bila kibao kigumu, mti huliwa, gamba hubaki limesimama kama kilima kidogo. Freti zikipigwa juu ya ubao wa namna hiyo hazikai sawa, na nyuzi zitaunguruma. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema urembo ni urembo tu. Aliyesawazisha njumu vibaya ndiye aliyeandaa makao ya freti.

Mwilini naangalia haraka zaidi: mstari kati ya rangi na utepe wa ukingo uwe mmoja bila kuchirizika, rangi isiwe imesuguliwa mpaka mti ukaonekana kwenye pembe, na chini ya mwanga mkali vanishi isionyeshe duara za mashine ya kupigia polishi. Mistari ya mepo inayometa kama moto ni zawadi ya mti, wala usimlipe fundi kwa hiyo. Mlipe kwa namna alivyounganisha nusu mbili za mti wa juu katikati.

Limebaki suala la hewa, na kwetu ni kubwa. Mti hunywa unyevu na kuuachia. Gamba halifanyi hivyo. Mafundi waliotia pembe na mfupa kwenye viti vya enzi vya Lamu walikabiliana na shida hiyohiyo. Ubao wa gitaa hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, si kwa urefu. Gitaa lililojengwa kwenye kiwanda chenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50 likifika Mombasa au Tanga, ubao hutanuka, mashimo nayo hutanuka, na vijistari huweza kufunguka kwenye pande za alama zinazofuata nyuzi. Likipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi, mashimo hubana gamba: hapo utaona ufa mwembamba unaoanzia kwenye kona ya alama na kukimbia na nyuzinyuzi za mti, au kipande kilichoinuka. Haya ni makosa ya hewa na ya mtunzaji, fundi usimlaumu.

Lakini nafasi iliyo upande unaotazama freti haitokani na hewa, kwa sababu mti karibu hausogei kwa urefu. Hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Isipokuwa alama iwe ya seluloidi na gitaa liwe na umri mkubwa: seluloidi husinyaa yenyewe kadiri miaka inavyopita, na huacha mwanya pande zote nne, huku pembe zake zikianza kujikunja juu. Kwenye Les Paul ya miaka ya 1950 mwanya wa namna hiyo hauipunguzii heshima. Kwenye gitaa linalouzwa kama jipya, uliza maswali kabla ya kutoa fedha.