Yote Tunaita Wizi

Wiki hii nataka tuyatazame maneno matatu ya Kiingereza ambayo wengi wetu huyatia katika kapu moja: "theft", "robbery" na "burglary". Utasikia mtu akisema, ah, yote si wizi tu? Kwa sheria ya Kenya, umbali ulioko kati ya maneno hayo waweza kuwa umbali wa kutoka kifungo cha miaka 3 hadi hukumu ya kifo.

Mtu apite uani kwako, aanue shati lako kambani na kwenda zake. Hakukugusa wala hakukutisha. Hiyo ni "theft", na adhabu yake ya kawaida haizidi miaka 3.

Lakini akukute umelishika shati hilo, akutishie ngumi ndipo alichukue, neno limegeuka. Sasa ni "robbery", yaani unyang'anyi, na kifungo chake hufika miaka 14. Akiwa na kisu, au ameandamana na mwenzake hata mmoja, au akikupiga, huo ni wizi wa mabavu, na sheria inataja kifo. Kweli, Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini sheria yenyewe haijafutwa.

Hapa Kiingereza huwakwaza hata waliosoma. Husema "they robbed my phone". Sivyo. Simu huwa "stolen". Anayekuwa "robbed" ni mwenye simu, kwa kuwa neno hilo linamtazama mtu aliyetendewa nguvu. Sisi tunasema "wameniibia" na kumaliza. Wala si kwamba Kiswahili ni maskini, maana kupora, kunyang'anya na kupokonya yapo tele, ila ndimi zetu ni vivu. Basi mtu huenda kituo cha polisi, akasema "nimeibiwa" na kunyamaza, na yule anayeandika taarifa kwa Kiingereza ndiye anayemchagulia neno.

"Burglary" nalo lina vituko vyake. Si lazima kitu kiibwe. Anayevunja na kuingia nyumba ya watu usiku kwa nia ya kutenda kosa kubwa amekwisha kulitenda, hata akitoka mikono mitupu. Na kuvunja kwenyewe si lazima kufuli ling'olewe: kusukuma tu mlango uliorudishwa kunatosha. Usiku nao umepimwa, tangu saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anayeingia mchana hushtakiwa kwa jina jingine, "housebreaking", ambalo kifungo chake hakizidi miaka 7. Wa usiku aweza kupata 10. Kwa hiyo usishangae wakili akimshikilia shahidi kizimbani nusu saa nzima, akimwuliza kama taa zilikuwa zimewashwa na saa ya ukutani ilisemaje.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.