Wazee wa Kagera na Utafiti wa Maradhi ya Kusahau

Binadamu anapozeeka, si ajabu akasahau alipoiweka fimbo yake. Lakini akianza kupotea katika kibanja alichokilima miaka hamsini, au akashindwa kuwatambua wanawe, huo si uzee mtupu, bali ni dalili ya maradhi ya ubongo yaitwayo demenshia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na maradhi hayo, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata hivyo, sehemu kubwa ya utafiti imefanywa katika nchi tajiri.

Hasara yake ni nini? Mwaka 2001 watafiti walitoa matokeo ya kuwalinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Kila mwaka walipatikana wagonjwa wapya 1.35 katika kila wazee mia wa Ibadan, na 3.24 kule Indianapolis. Kama Wayoruba wasingeshirikishwa, swali la chanzo cha tofauti hiyo lisingezuka kamwe.

Katika Tanzania, kazi ya namna hiyo ilifanywa wilayani Hai, Kilimanjaro. Mwaka 2010 watafiti walipita nyumba kwa nyumba, wakawapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Baada ya hesabu kurekebishwa kwa umri, asilimia 6.4 walionekana kuwa na demenshia. Baadaye kilitungwa kipimo kifupi kisichohitaji kusoma wala kuandika: mzee hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hueleza daraja ni kitu gani, na huunda umbo kwa njiti za kiberiti.

Yafaa kuuliza ni mambo gani yangehitajika ili kazi kama hiyo ifanikiwe Bukoba na Muleba.

La kwanza ni lugha. Wazee wengi hufikiri kwa Kihaya, na mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza mwaka 1977, mtu aliye na miaka 75 leo alikwisha kuwa mtu mzima. Kipimo cha kalamu na karatasi kingepima shule, si ubongo.

La pili ni njia ya kuwapata. Tuchukue mfano wa kubuni: kijiji kina wazee 200, na 15 kati yao ni wagonjwa, yaani asilimia 7.5. Watafiti wakingoja zahanati, wakaja wazee 60 wenye nguvu, na wagonjwa wakawa 3 tu, jibu litakuwa asilimia 5. Waliobaki vitandani, au visiwani katika Ziwa Viktoria, hawakuhesabiwa. Hivyo hapana budi kuwafuata nyumbani, kwa kupitia wenyeviti wa vitongoji na viongozi wa dini.

La tatu ni shahidi. Mtafiti humwuliza jamaa: mzee amebadilikaje kwa miaka kadhaa? Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa mwaka 1983, na wazee wengi walizika watoto wao wakabaki kuwalea wajukuu. Mjukuu wa miaka kumi na miwili hawezi kusimulia akili ya bibi yake kabla yeye hajazaliwa. Hapo jirani wa rika la mzee ndiye shahidi bora.

La nne ni ridhaa. Mzee aelezwe kwa lugha yake, aulizwe mwenyewe kwanza, kisha jamaa zake. Asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya shahidi. Akikataa, asilazimishwe, wala asinyimwe matibabu.

Pasipo ujuzi huo, mabadiliko ya mzee huenda yakaitwa laana au uchawi, na anayestahili kutunzwa akaogopwa. Mwanafunzi anayeelewa kwamba ni ugonjwa tayari anaweza kumlinda mzee wa nyumbani kwake, hata kabla mtafiti hajabisha hodi.