Askari Mbele ya Daktari

Askari amefunzwa kujibu "Ndiyo, afande". Jibu hilo hufaa gwarideni; katika chumba cha daktari laweza kumwangamiza. Akiulizwa kwa ukali, "Dawa unameza?", mgonjwa mwenye virusi vya Ukimwi hukakamaa na kuitikia, akazificha siku alizoruka, hasa iwapo daktari mwenyewe ana nyota mabegani. Mwezi ufuatao haonekani tena. Virusi navyo havijali cheo: dawa zikirukwa huzaliana upya, na vingine huwa sugu.

Hapa Bujumbura somo hili si geni. Mwaka 1993 Bibi Jeanne Gapiya-Niyonzima, mwenyewe akiishi na virusi, alianzisha chama cha ANSS, ambacho mwaka 1999 kilifungua kituo cha Turiho, yaani "Tupo". Wagonjwa wenyewe wakawa na sauti katika kuwahudumia wenzao. Twaona busara kubwa hapo, kwani aliyewahi kuiogopa dawa hiyo hana haja ya kumfokea mwenzake.

Kwa askari na polisi kuna jambo la zaidi: uhamisho. Leo yu Kamenge, kesho Cankuzo, na amri ya safari haiulizi dawa zimebaki za siku ngapi. Daktari aliyemsikiliza huambiwa mapema, akampa za kutosha pamoja na barua ya kituo kipya. Aliyemkaripia hapati hata habari kwamba mgonjwa wake ameondoka.

Tena, amezaye bila kukosa hata virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mkewe kwa kujamiiana. Ni wangapi kambini walioelezwa hivyo, kwa Kirundi au Kiswahili, pasipo haraka?