Kumbukumbu ya Kamera ya Ulinzi Hudumu Siku Ngapi?

Kamera za ulinzi zimeenea katika mabenki, maduka, shule na hospitali. Watu wengi hudhani kwamba lolote lililoonwa na kamera limehifadhiwa daima. Dhana hiyo si sahihi. Kamera ni jicho tu. Kumbukumbu imo katika kinasa video, nacho kina ujazo maalumu. Kikijaa, kwa kawaida hufuta picha za zamani zaidi ili kupata nafasi ya picha mpya.

Kutoka nuru hadi tarakimu

Nyuma ya lenzi kuna kibao kidogo cha silikoni kilichogawanyika katika vijumba vingi vinavyohisi nuru. Kimojawapo cha vibao vya mwanzo vya namna hii kilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara ya Bell, Marekani. Mwaka 2009 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Charles Kao. Nuru inapoangukia kijumba, huzaa chaji ya umeme. Chaji hiyo hupimwa na kuandikwa kwa tarakimu, na tarakimu hizo ndizo huhifadhiwa katika diski.

Hesabu ya ujazo

Picha yenye nukta 1,920 kwa mapana na 1,080 kwa urefu ina jumla ya nukta 2,073,600. Kila nukta ikichukua baiti 3, picha moja huhitaji baiti 6,220,800. Kwa picha 25 kila sekunde, zinahitajika baiti 155,520,000 kwa sekunde. Diski ya terabaiti 1, yaani baiti milioni milioni moja, ingejaa kabla ya saa mbili kutimia.

Kwa sababu hiyo picha hubanwa. Katika ushoroba mtupu, ukuta na sakafu havibadiliki. Basi picha kamili huandikwa mara mojamoja tu, na baina yake huandikwa yale yaliyobadilika. Ndiyo maana mti unaotikiswa na upepo mbele ya kamera hula nafasi kuliko ukuta uliotulia.

Tuseme kubana huko kumepunguza mahitaji hadi baiti 500,000 kwa sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400. Hivyo kamera moja itatumia gigabaiti 43.2 kwa siku, na kamera nne gigabaiti 172.8. Diski ile ile itajaa kabla ya siku sita kwisha.

Maana yake kwa mtumiaji

Iwapo vitabu vimeibwa ghalani siku shule ilipofungwa, na wizi ukagunduliwa baada ya wiki mbili, kinasa cha namna hiyo hakitakuwa na ushahidi wowote, ijapokuwa kamera ilimwona mwizi waziwazi. Hasara hiyo huweza kuepukwa kwa kuongeza ujazo wa diski, kwa kupunguza idadi ya picha kwa sekunde, au kwa kunasa pale tu panapotokea mwendo. Tukio likigunduliwa, picha zake zinakiliwe upesi mahali pengine. Saa ya kinasa nayo ikaguliwe mara kwa mara, kwani picha yenye saa ya uongo huweza kumtia hatiani asiye na kosa.

Wanafunzi wanaweza kukokotoa wenyewe: ujazo wa diski ugawanywe kwa idadi ya kamera, kisha kwa baiti za kila sekunde, kisha kwa 86,400. Jibu ni siku ambazo kumbukumbu itadumu.